Monita mbili, kompyuta mbili, meza moja: niunganishe vipi?

MhasibuSakina
Wakuu, habari za jioni. Nafanya uhasibu nikiwa nyumbani, Arusha. Mezani nina laptopu ya ofisi, ThinkPad T480, na dekstopu yangu OptiPlex 7050 ambayo jioni naitumia kwa hesabu za wateja wangu wadogo. Monita ni Dell P2419H mbili. Kila nikihama kazi moja kwenda nyingine nainama chini ya meza kuchomoa na kuchomeka nyaya, na poti zimeanza kulegea.

Dukani wananishauri KVM (swichi ya kuhamisha skrini, kibodi na mausi kati ya kompyuta) ya monita mbili, lakini bei yake inakaribia bei ya monita nyingine ya mtumba. Halafu kuelekea tarehe 20, ritani za VAT zikibana, nataka monita ya kushoto ioneshe laptopu na ya kulia ioneshe dekstopu kwa wakati mmoja. Laptopu ya ofisi imefungwa, siruhusiwi kuweka programu yoyote. Nifanyeje?

FundiMeza
Mkuu, hiyo KVM iache dukani. KVM nyingi za monita mbili huhamisha skrini zote kwa pamoja, kwa hiyo hiyo tarehe 20 isingekusaidia.

Geuza monita uangalie nyuma. P2419H ina poti tatu za picha: DisplayPort, HDMI na VGA. Kompyuta zote mbili zinaweza kukaa zimechomekwa humo usiku na mchana, wewe unachagua kwa kitufe ipi ionekane. 7050 ina DisplayPort mbili, basi peleka moja kwa kila monita. HDMI ya T480 iende monita ya kushoto. Ya kulia tumia kebo ya USB-C kwenda HDMI. T480 ina poti mbili za USB-C, zote zinatoa picha na zote zinapokea chaji, kwa hiyo moja inabaki ya chaja.

Ukiwa dukani kuwa makini na kebo ya DisplayPort kwenda HDMI. Ile ya kawaida hupitisha picha upande mmoja tu: DisplayPort iwe kwenye kompyuta, HDMI kwenye monita. Ukiigeuza hupati kitu. Kwa mpangilio huu huihitaji kabisa, hata wakikusisitizia.

Kibodi na mausi zichukulie swichi ya USB ya kompyuta mbili, ile yenye kitufe juu. Haidai programu, kwa hiyo watu wa TEHAMA wa ofisini kwako hawana cha kulalamikia.

PembaKodi
Naongezea kwa upande wa dekstopu. Monita hizi zinapokea amri za DDC/CI, yaani kompyuta inaiamuru monita ibadilishe mipangilio yake, kupitia kebo ileile ya picha. Kwenye Linux natumia `ddcutil setvcp 60 0x11` kwenda HDMI, na 0x0f kwenda DisplayPort. Kwenye Windows kuna programu ya ControlMyMonitor ya NirSoft, unaifungia vitufe vya kibodi. Ugumu uko kwenye kurudi: baadhi ya monita hazisikii amri inayotoka kwenye poti ambayo haioneshwi wakati huo, na laptopu yako huwezi kuiwekea kitu. Jaribu kwanza kabla hujaizoea.

MhasibuSakina
Asanteni sana, ndugu zangu. Swali moja: nikihamisha monita kisha nikarudi, madirisha yangu yote ya Excel hayatakuwa yamerundikana upande mmoja?

FundiMeza
Yanaweza. Baadhi ya monita zikibadilishiwa chanzo, kompyuta iliyoachwa huona kama kebo imechomolewa, hasa kwenye DisplayPort. Windows 11 ina mpangilio kwenye System, Display, Multiple displays wa kukumbuka madirisha yalikuwa monita gani, hakikisha umewashwa kwenye laptopu. Kama dekstopu yako bado ni Windows 10, mpangilio huo haina. Tumia Windows+Shift+mshale, dirisha linaruka monita ya pili bila kulivuta kwa mausi.

Kwenye menyu ya kila monita ingia Personalize, kitufe cha mkato kimoja kipe Input Source (kuchagua chanzo cha picha). Halafu zima Auto Select. Ikibaki imewashwa, laptopu ikilala tu monita inaweza kukimbilia dekstopu bila wewe kuiagiza.

PembaKodi
Na kebo ziwekee alama pande zote mbili kabla hujazifunga pamoja, nne za picha na mbili za USB zikishalala nyuma ya meza hutazitofautisha.