Gari kuosha wakati huu wa masika hapa Malindi, mnafanyaje?

Abuu_Maweni
Assalam aleikum wadau. Nina Probox, nabeba watu na mizigo kutoka Malindi, Mambrui, Gongoni mpaka Marereni, sasa tangu hii mvua ianze gari haikauki, asubuhi tope jioni tope, na wenzangu stejini wananambia wacha kuosha, mvua itakuoshea bure. Juzi nikaona aibu kwa abiria, nikaosha saa mbili usiku, nikapaki, nikavuta hendibreki nikalala. Asubuhi natia gia gari haiendi! Tairi za nyuma zimeganda kabisa, nikasukuma mbele nikarudi nyuma ndio ikaachia kwa mlio mpaka jirani akatoka nje. Na ndani kapeti inanuka uvundo. Sasa niache kuosha mpaka mvua ikatike ama kuna njia?

Fundi wa Shela
Waaleikum salaam mwanangu. Hao wa stejini wamekupoteza. Mvua inaosha paa na boneti, kule chini haifiki. Chukua tochi uangalie ndani ya madigadi, tope la Gongoni si kama la shamba, kule ndiko kwenye mashamba ya chumvi, na huu upepo wa kusi nao unaleta manyunyu ya chumvi ya bahari juu yake. Tope lenye chumvi likishika pale linakaa na maji siku nzima na bati linaliwa taratibu na wewe hujui. Nimeshawahi kusukuma bisibisi kwenye chasisi ya gari ambayo juu inang'aa, ikazama kama kwenye papai bivu.

Kwa hivo anza chini. Piga maji madigadi, springi, chini ya milango, mpaka maji yanayotoka yawe safi, halafu ndio upande juu. Tope la juu lilainishe kwa maji mengi kwanza, ukifuta likiwa kavu ule mchanga unachora rangi. Boneti usiifungue ukamwaga maji mle ndani, pale pana altaneta, koili na fiuzi, pangusa tu na kitambaa kibichi injini ikishapoa.

Breki zako ni hivi: diramu, zile ngoma za chuma za tairi za nyuma, zililowa, shuu zinazozibana kwa ndani zikashikana nazo kwa kutu ya usiku mmoja, basi. Ukimaliza kuosha zunguka na gari mtaani, kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa mpaka usikie zinashika vizuri, zimekauka hizo. Kisha paki pahali pa tambarare, ni ya gia weka namba moja, ni otomatiki weka P, jiwe kwa tairi, hendibreki usivute. Na tafadhali usipakie watu ukateremka daraja la Sabaki na breki hujazijaribu.

Mama Swabra
Mimi nasema la stima. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anaosha magari pahali fulani hapa mjini, mashine ya presha wameichomeka kwa eksitensheni imelala chini kwa maji, manyunyu yanaanguka, pale kwenye kiungo wamezungusha selotepu tu. Akakanyaga miguu mitupu. Alitupwa pale, alhamdulillahi yu hai, lakini mkono wa kulia mpaka leo kikombe cha chai hakishiki sawasawa. Mvua ikinyesha wacha mashine, ndoo na mpira wa maji vinatosha. Hakuna gari chafu yenye thamani ya mtoto wa mtu.

Wa Mokowe
Kaka Abuu, unaosha na maji gani? Kama kisima chenu ni cha chumvi kama changu basi unaiongezea gari ugonjwa. Mimi nikivuka kwenda Lamu gari inabaki Mokowe siku tatu nne upepo wa bahari unaipiga, nikirudi naisuuza na maji ya mvua nayokinga kwa mabati. Ile robo saa ya mwanzo yaache yaende, yanatoa chumvi na vumbi la paa. Mitungi mitatu ya lita 20 yanitosha, miwili chini, mmoja juu.

Kapeti toa uanike barazani. Halafu angalia vile vitobo chini ya milango, na ule mfereji chini ya wipa, ukipaki chini ya mwarobaini majani yanaziba pale na maji yanashukia ndani. Harufu yako labda yatoka hapo.

Abuu_Maweni
Wallahi ndio natoka chini ya gari saa hii. Nimechokoa vitobo na chelewa ya fagio, mlango wa nyuma wa kushoto umetoka maji rangi ya chai na mchanga ndani yake, nilikuwa natembea nayo! Mwarobaini nao ndipo napopaki kila siku. Madigadi nimekwangua tope nusu karai. Shukran sana, na Mama Swabra mpe pole kijana. Fundi, breki ya nyuma kulia bado inakwaruza kidogo, niendelee kutembea?

Fundi wa Shela
Usitembee nayo. Ije kesho asubuhi nifungue diramu zote mbili, tusafishe kutu na tuangalie shuu.