Wanataka kuninyima kazi kwa kesi isiyo yangu, naombeni ushauri

MtotoWaPangani: Wakuu, habarini. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tatu sasa. Nilipata kazi ya ghala, usaili nimepita, hata viatu vya usalama nimeshanunua. Jana ikaingia barua pepe: wanakusudia kusitisha ajira kwa sababu ya rekodi ya jinai. Wizi, Texas, 2016. Mwaka huo mimi nilikuwa Tanga nakaanga chipsi! Huyo mtu jina letu moja, na majina ya kwetu mnayajua, akina Juma Hassan wako wangapi? Huu si ubaguzi?

Kipara_Dallas: Ubaguzi mtupu. Tafuta wakili, wakulipe.

MamaZuu: Kipara, usimpoteze kijana. Mdogo wangu, mimi nimekaa ofisi ya ajira miaka tisa. Neno la kushika hapo ni "wanakusudia". Bado hawajakata shauri. Sheria ya FCRA, ile ya Marekani ya ripoti za kuchunguza historia ya mtu, inamtaka mwajiri akupe kwanza nakala ya ripoti na karatasi ya haki zako, ndipo aamue. Umepewa?

MtotoWaPangani: Ninavyo vyote, dada. Ila kwenye ripoti tarehe ya kuzaliwa hakuna, jina tu.

MamaZuu: Basi wabane hapo hapo. Andika leo, barua mbili. Ya kwanza kwa kampuni iliyotengeneza ripoti: rekodi si yangu, na pasipoti yenye muhuri wa kuingia Marekani hii hapa. Wana siku 30 za kuchunguza upya. Ya pili kwa mwajiri, mwombe akushikie nafasi, maana wengi husubiri siku 5 za kazi tu halafu wanaita mwingine. Novemba 2021 shirika la serikali la kulinda watumiaji, CFPB, lilisema kulinganisha jina peke yake ni kuvunja sheria hiyo, ingawa mwongozo huo liliuondoa Mei 2025.

Kipara_Dallas: Na EEOC, ile tume ya serikali ya usawa kazini, je?

MamaZuu: Hiyo ni ya ubaguzi. Rekodi ingekuwa yake kweli, tungeuliza: kosa gani, la lini, na linahusu nini kubeba maboksi? Au kama mzungu mwenye rekodi ileile kaajiriwa. Kwa Ohio ana siku 300 za kupeleka malalamiko. Zinazomkimbia ni hizi 5.

MtotoWaPangani: Nimetuma zote mbili. Mwajiri kajibu "tumepokea", basi. Risiti ya viatu bado ninayo.