Kikundi cha Ukoo: Simba na Kikao cha Jumamosi

Dada Mkubwa, saa 1:10 asubuhi
Shikamooni wakubwa. Nakumbusha kwamba kikao cha kitabu ni Jumamosi saa 10 jioni, kwa Babu. Riwaya ni Lily and the Octopus ya Steven Rowley, iliyotoka mwaka 2016. Nakala yetu moja inazunguka tangu mwezi uliopita na sijui sasa iko kwa nani.

Dada Mkubwa, saa 4:02
Mmesoma, hamjajibu. Basi nawaeleza: Ted anaishi Los Angeles na Lily, mbwa wake wa miaka 12, na uvimbe uliomtokea Lily kichwani anauita pweza, maana hathubutu kuutaja kwa jina lake. Nimekichagua makusudi, kwa kuwa mbwa wetu Simba naye ana uvimbe chini ya jicho na ni lazima tuamue.

Binamu wa Tanga, saa 4:15
Pweza huku dawa yake ni nazi na ndimu. Nije na sufuria?

Kaka, saa 4:16
Kwa supu hiyo, hata mimi nitafika.

Dada Mkubwa, saa 4:20
Mbwa anaanguka degedege, ninyi mnazungumza supu! Daktari wa mifugo anaweza kuja Jumanne, ila anauliza kama ni kwa dawa au kwa ile sindano ya mwisho. Tomi, mbwa wetu wa kwanza, mlimchoma sindano hiyo nikiwa bweni, nikarudi likizo nikakuta mnyororo mtupu chini ya mparachichi. Safari hii hakuna atakayeamua kimyakimya.

Kaka, saa 4:31
Dada, hayo ni ya zamani.

Babu, saa 8:47 mchana
Tomi nilimshika kichwa mimi mwenyewe mpaka alipotulia. Barua nilianza kukuandikia mara nyingi nikashindwa kuendelea. Kosa ni langu, si la mama yako. Kitabu sijakisoma, lakini Simba bado ananyanyuka nikigonga bakuli. Asiyekuja kumtazama asimwamulie.

Dada Mkubwa, saa 11:30 jioni
Nimekusikia, Babu. Daktari atakuja kumpima tu. Kuhusu malipo, kila mmoja aandike jina na kiasi. Naanza mimi: 20,000.

Kaka, saa 12:05 jioni
Shikamoo Babu.

Mama Mdogo, saa 4:40 usiku
Ndiyo kwanza naona ujumbe. Kitabu kiko kwangu. Nimefika pale wanapopanda boti kumsaka pweza baharini, nikakifunga kwa machozi. Jumamosi ni hii au ijayo?