MJADALA: Mtoto wa miaka 10 hadi 12 kumpandisha Kilimanjaro mpaka kileleni, tunamjenga au tunatafuta sifa?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Desemba hiyo inakuja, shule zinafungwa, na wazazi wa mjini kila mtu anauliza watoto waende wapi. Kwenye grupu la wazazi wa darasa la mwanangu mmoja katupia ofa ya kampuni fulani, kwamba tarehe 9 Desemba familia zipandishwe Kilimanjaro, njia ya Marangu, siku tano, watoto wa miaka 10 na kuendelea ruksa. Watu wakaanza "niandike", "na mimi na wawili". Mimi nikauliza tu, mtoto wa darasa la tano akigoma saa nane usiku pale juu ya Kibo, kituo cha mwisho cha kulala kabla ya kilele, nani anashuka naye? Kimya. Baadaye mmoja akanijibu "usituletee uoga wako hapa". Haya, uoga wangu nimeuleta huku.

Msimamo wangu nausema mapema. Watoto kubeba begi na kutembea porini siku mbili tatu, walale kwenye tenti, wale ugali uliopikwa kwenye mafiga, naunga mkono na tumechelewa sana. Ila kilele cha Uhuru kwa mtoto wa miaka 10 au 11 kwa ratiba ya siku tano, hapana. Watu wanashikilia kwamba hifadhi yenyewe imeweka miaka 10. Sawa, lakini hiyo ni namba ya getini, getini hawamjui mwanao.

Piga hesabu mwenyewe. Geti la Marangu lipo kama mita 1,800 na kitu. Siku ya kwanza unalala mabanda ya Mandara, mita 2,720. Ya pili Horombo 3,720. Ya tatu Kibo, 4,700 na ushee, na usiku huohuo saa sita unaamshwa uanze kupanda mpaka 5,895. Madaktari wa milimani wanasema ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya kulala leo na kulala kesho. Hapo tunaongeza elfu nzima, halafu tunamwambia mtoto ajikaze.

Karibuni. Matusi sitaki.

Baba Watatu

Mkuu heshima yako ila hapa umeteleza. Tunalea watoto wa mayai, asubuhi basi la shule mpaka mlangoni, jioni tivii, wikiendi simu, mtoto ana miaka 11 hajawahi kutembea kilomita tatu kwa miguu yake halafu tunashangaa kwa nini hawezi kitu. Nenda umasaini ukaone mtoto wa miaka 10 anaondoka na ng'ombe alfajiri anarudi jua limezama na huko kuna fisi. Wale hawana madaktari wa milimani.

Na mwaka 2018 kuna msichana wa Kimarekani wa miaka 7 alifika Uhuru kwa kibali maalumu. Saba! Watoto wetu wanaozaliwa wanauangalia mlima dirishani ndo washindwe? Wazungu wanakuja na watoto wao sisi tunabaki kuwapokelea mabegi.

Mgumu wa Marangu

Mimi nimebeba mizigo mlimani miaka mingi kwa hiyo niongee nilichokiona. Mtoto wa kimasai anatembea sana kweli, lakini anatembea kwenye hewa aliyoizoea. Pale juu hewa unayoipata kila ukivuta pumzi ni kama nusu ya unayoipata Dar, na hilo halijali wewe ni mchunga ng'ombe au mchezaji mpira, nimeona wanajeshi wanatapika na bibi wa miaka 65 anapita polepole anawasalimia.

Shida ya mtoto ni hii, mtu mzima atakwambia "gaidi kichwa kinanipasuka" (samahani, sisi kule tunawaita hivyohivyo waongozaji, msije mkapiga simu polisi). Mtoto hasemi. Mtoto anakuwa mkimya, hataki kula, anasema anataka kulala, anagombana na mdogo wake kwa kitu hakina maana, na mzazi anasema amechoka tu huyo, kazoea kudeka. Sisi tukiona mtoto aliyekuwa anaimba jana leo anaangalia chini tu tunajua. Akianza kuyumba kama mlevi hapo hakuna cha kusubiri asubuhi, ni kushuka, hata kama ni usiku.

Kushuka kwenyewe mnakujua? Ile machela yetu ina tairi moja katikati, watu sita hivi wanaishikilia huku na huku wanakimbia nayo kwenye mawe, mgonjwa kafungwa mikanda na kafunikwa slipingi begi mpaka puani, kila jiwe anarushwa. Nimeshuka na mtoto hivyo kutoka Kibo, mama yake anakimbia nyuma analia na kiatu kimoja kimefunguka kamba. Tulivyofika Horombo mtoto anaomba chai, mzima kabisa. Ndo ugonjwa wa mwinuko ulivyo, ukishuka kwa wakati unaisha. Baba mtu alikuwa juu anapiga picha na bendera.

Kingine ni nguo. Wabongo mnakuja na jinzi! Jinzi ikilowa haikauki mlimani, na Desemba mvua ipo. Pitieni Memorial pale Moshi, kwenye mitumba, flizi nzuri za watoto zimejaa, makoti yasiyopitisha upepo yapo, hela ya soda mbili tatu.

Mama K

Nawasalimu wote. Mimi ni mama wa watoto wawili na nimepanda nao, mkubwa alikuwa na 12 mdogo 10. Mkubwa alifika Uhuru. Sikubaliani na mleta mada kuweka ukuta wa umri, mnaupeleka mjadala kwenye miaka ya mtoto wakati ungekwenda kwenye idadi ya siku.

Sisi tulipita njia ya Lemosho siku nane. Gharama iliuma, tulijichanga muda mrefu, lakini ile njia inakupandisha juu mchana inakushusha kulala chini, mnafika Lava Tower kama 4,600 mnakula halafu mnashuka kulala Barranco kama 3,900. Mdogo alifika Lava Tower akasema mama mimi basi. Hakutapika, hakulia, alisema tu basi. Tulishakubaliana nyumbani kwamba atakayesema basi habembelezwi na pipi, haambiwi mwenzako mbona anaweza. Baba yake akageuka naye na muongozaji mmoja. Mimi nikaendelea na mkubwa. Mpaka leo mdogo anasimulia safari yake kuliko hata kaka yake, habari za nyani na za kunguru aliyeiba andazi lake.

Kwa hiyo inawezekana, ila wazima wawili, mmoja wa kupanda mmoja wa kushuka, na siku za kutosha.

Simple Man

Siku nane Lemosho watu wanne hiyo si ni ada ya miaka mitatu ya mtu hapo? Napita tu.

Msambaa wa Milimani

Mnagombania mlima mmoja kana kwamba nchi nzima ina mlima mmoja. Wazazi njooni Lushoto. Unaanza Lushoto mjini mnapita msitu wa Magamba (ni hifadhi ya mazingira asilia, mnalipia kibali, mnachukua muongozaji), watoto wanaona mbega wanaruka juu huko, mnatokea Lukozi kwenye kabichi na karoti, mnalala Rangwi kwa masista, mnaendelea mpaka Mtae ukingoni kabisa, chini unaiona Mkomazi yote. Siku tatu nne. Hamfiki hata mita 2,500, kwa hiyo hakuna habari ya hewa. Mtoto akichoka mnakaa kwa mama wa watu mnanunua mapera. Akiumwa kuna barabara, kuna bodaboda.

Tahadhari ni mbili tu, baridi ya Juni na Julai si mchezo, na basi la kurudi kutoka Mtae linaondoka alfajiri sana, ukilala umelala.

Baba Watatu

Msambaa hiyo ni matembezi ya kijijini, kuna maduka njiani! Mtoto anajifunza nini porini kama kila saa moja anakutana na genge la maandazi?

Msambaa wa Milimani

Anajifunza kubeba maji yake mwenyewe kupanda Magamba na kutolalamika. Mlete nikuone wewe mwenyewe kwanza.

Nesi Zamu ya Usiku

Nimesoma yote, kuna kitu hakuna aliyekitaja. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nchi yetu ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo na wazazi wengi hawajawahi kupima watoto. Mtoto mwenye selimundu kumpeleka mwinuko mkubwa ni hatari kubwa, hewa ikipungua chembe zinajikunja, anapata maumivu makali na mengine mabaya zaidi. Na hata yule mwenye vinasaba vya upande mmoja, ambaye hapa chini anacheza mpira hana shida yoyote, wengine wamepata tatizo la bandama wakiwa juu milimani. Pimeni kwanza. Ni kipimo cha damu, hospitali za mikoa wanapima.

Halafu zile dawa za mlimani, Diamox, msimeze na kuwagawia watoto kwa kukata nusu ya kidonge cha baba. Dozi ya mtoto inatokana na uzito, muoneni daktari. Na dawa yoyote haikupi ruhusa ya kuendelea kupanda na mtoto anayetapika.

Mleta mada

Nesi ubarikiwe, hilo la selimundu peke yake limelipia huu uzi.

Mama K nimekusoma mara mbili. Hujanipinga, umenisaidia, maana mimi nimesema ratiba ya siku tano na wewe mwenyewe usingeenda kwa siku tano. Ila umri siuachii. Wa kwako wa 10 alisema basi kwa sababu nyumbani kwenu aliruhusiwa kusema basi. Watoto wetu wangapi wanaruhusiwa? Mtoto wa Kitanzania amefundishwa kwamba mkubwa akisema twende ni twende, akisema kula ni kula. Leo hii umpeleke kwenye mwinuko ambao usalama wake wote unategemea yeye kufungua mdomo ampinge baba yake mbele ya watu, mbele ya kamera, wakati safari imelipiwa mamilioni? Hasemi. Atakufa na tai shingoni. Mgumu kaeleza vizuri, mtoto anakaa kimya. Kwa hiyo kabla ya viatu na makoti, zoezi la kwanza ni mtoto apewe turufu ya kusimamisha safari, na aitumie mahali ambapo kugeuka hakuna gharama, na aone kweli mmegeuka na hakuna aliyenuna. Hiyo Usambara inafaa, Mandara inafaa, mnalala mabandani mnaenda kuchungulia kreta ya Maundi mnarudi nyumbani, hata mtoto wa miaka 8 anaifurahia.

Na mabegi jamani. Nimeona mtoto kavikwa begi kubwa kuliko mgongo. Kanuni ya wazoefu ni mtoto asibebe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, ikizidi sana asilimia kumi na tano. Mtoto wa kilo 30 ni kilo tatu, yaani maji yake lita moja, koti la mvua, sweta, karanga zake, tochi na filimbi shingoni. Vingine vyote ni vya kwenu wazazi, na hapo ndo mtajua kwa nini nasema anzeni na siku mbili.

Baba Watatu

Mkuu mnawafundisha watoto kukata tamaa kistaarabu. Maisha hayana turufu. Mimi baba yangu angenipa turufu ningekuwa bado shamba kwa bibi nawinda ndege kwa manati.

Mama K

Kaka yangu, baba yako alikuwa anakutuma shamba, si mita 5,000. Shamba ukichoka unakaa chini ya mwembe.

Mgumu wa Marangu

Baba Watatu kama mnaenda nendeni, mimi ni kazi yangu siwafukuzi. Ila kabla hujalipa waulize hao kampuni, mna waongozaji wangapi kwa watoto wangapi, maana kundi la familia tano na waongozaji wawili wakishashuka wote wawili na watoto wenu nyie mnaobaki juu mnabaki na nani. Mna oksijeni na kile kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni ya damu? Nani ana sauti ya mwisho ya kumrudisha mtoto, muongozaji au aliyelipa? Wakikujibu "aliyelipa" funga simu. Na waambie waongeze siku moja Horombo, mnapanda mpaka kwenye Mawe ya Zebra mnarudi kulala palepale. Hiyo siku moja nimeona inaokoa watu.

Baba Watatu

Hiyo ya kuongeza siku nimeielewa. Nitawapigia kesho, wakikataa nachukua hela yangu. Lakini kwenda tunaenda, wanangu wameshaambiana na shule nzima.

Mleta mada

Mkeo naye anaenda?

Baba Watatu

Haendi, anaogopa baridi.

Mleta mada

Sasa mkuu una watoto watatu mlimani, mmoja akitaka kushuka usiku, wewe unaenda upande gani?

Baba Watatu

Nna shemeji yangu yupo Bomang'ombe, nitamchukua.

Mgumu wa Marangu

Shemeji amewahi kupanda?

Baba Watatu

Ana duka la simenti, ana nguvu.

Nesi Zamu ya Usiku

Mpimeni na yeye.