DVD zangu kwenda kwenye simu: njia gani, na sheria inasemaje?

Mama Zawadi: Habari zenu wakuu. Nina DVD ya harusi ya mdogo wangu na sinema kadhaa nilizonunua dukani, halali kabisa. Laptopu mpya haina hata pa kuchomeka diski. Nataka kuzitazama kwenye simu. Nifanyeje, na je, nitakuwa mwizi?

Fundi Diski: Tafuta kisomaji cha nje cha USB, halafu pakua HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video ya DVD iwe faili la simu. Chagua faili la aina ya MP4 lenye H.264 (namna ya kubana video). Usikuze picha: DVD ina mistari 480 au 576 tu, ukiipeleka 1080 unajaza simu bure. Na video ya harusi ikionyesha meno kama ya kitana pembeni mwa wachezaji, washa kichujio cha Deinterlace.

Msoma Sheria: Ya harusi haina shida, mradi unajitazamia mwenyewe. Sinema ndiyo ngoma nzito. Nyingi zina kufuli la kidijitali la kuzuia kunakili, liitwalo CSS, na Marekani sheria ya hakimiliki iitwayo DMCA ya 1998 inakataza kulivunja hata kama diski umenunua. Uingereza iliruhusu nakala binafsi Oktoba 2014, mahakama ikaifuta Julai 2015. Ujerumani unaruhusiwa nakala binafsi, kufuli hapana. Kichekesho, lakini ndivyo ilivyo. Angalia sheria ya nchi yako.

Mama Zawadi: Kwa hiyo HandBrake inavunja hilo kufuli?

Fundi Diski: Yenyewe haivunji. Diski iliyofungwa itagoma au itoe picha iliyovurugika. Anza na harusi, dada.