Utambulisho wa kabila: je, ni kazi ya nyumbani pekee, au shule nayo inahusika?

Ndugu wachangiaji,

Wapo wanaosema kwamba kumlea mtoto katika lugha, historia na desturi za watu wake ni wajibu wa wazazi pekee, na kwamba shule ya umma inapaswa kukaa kando, imfundishe hesabu, sayansi na uraia, kisha imwachie aamue mwenyewe yeye ni nani. Wengine wanaona kwamba shule ikijitoa, jamii ndogo zitamezwa na zile kubwa katika vizazi vichache. Naweka msimamo wangu wazi tangu mwanzo: shule haijawahi kukaa kando, na kwa hiyo haiwezi kudai leo kwamba jambo hili haliihusu.

Hakuna mtoto anayezaliwa akijua kabila lake. Huambiwa. Huambiwa kwa jina analopewa, kwa lugha anayobembelezwa nayo, kwa hadithi za wazee, na hata kwa watoto anaokatazwa kucheza nao. Wanaelimujamii huuita mchakato huu ujamiishaji, na huutazama kama kazi inayoanzia katika familia na kuendelezwa na shule, marafiki wa rika moja, dini na vyombo vya habari. Linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba katika mchakato huohuo mtoto hujifunza mambo mawili kwa pamoja: asili yake ni ipi, na watu wengine wanaipa asili hiyo thamani gani. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto weusi wa umri wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliotofautiana kwa rangi tu, na wengi wa watoto hao wakamchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Ni vigumu kuamini kwamba wazazi wao waliwaketisha na kuwafunza hivyo. Somo hilo lilikuwa limewafikia kutoka kila upande wa jamii iliyowazunguka, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliutaja utafiti huo ilipopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma mwaka 1954.

Sasa tutazame kile ambacho shule zenyewe zimefanya. Nchini Kanada, kwa zaidi ya miaka 100, serikali na makanisa waliendesha shule za bweni ambamo zaidi ya watoto 150,000 wa jamii za wenyeji asilia walipelekwa mbali na wazazi wao, wengi wao kwa kulazimishwa, na kuadhibiwa waliposema lugha zao. Waliobuni mpango huo walielewa vizuri nguvu ya ujamiishaji: walijua kwamba ukimtenga mtoto na bibi na babu yake katika miaka ya mwanzo, huhitaji kubishana na utamaduni wake, kwa kuwa hatakuwa nao. Mwaka 2008 waziri mkuu wa nchi hiyo aliomba radhi bungeni, na mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ikauita mfumo huo mauaji ya kimbari ya kitamaduni. Mtu anapowaambia wajukuu wa watoto wale kwamba lugha ni jambo la nyumbani, anawaelekeza kwenye nyumba ambayo shule ilikwisha kuifanya tupu.

Nyuzilandi inatuonyesha kwamba njia ileile inaweza kupitwa kuelekea upande wa pili. Sheria ya mwaka 1867 ilikuwa imekifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia katika shule za Wamaori, wenyeji asilia wa nchi hiyo, na vizazi vya watoto viliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao, hata wengi walipokuwa wazazi wakachagua kutowarithisha watoto wao ili wasiteseke kama wao. Kuanzia mwaka 1982 Wamaori walifungua shule za chekechea, zijulikanazo kama kōhanga reo, ambamo wazee waliokuwa bado na lugha waliwalea watoto wadogo kwa Kimaori tupu, wakiliruka kundi la katikati lililonyimwa. Mwaka 1987 lugha hiyo ikatambuliwa kuwa lugha rasmi ya taifa. Kwangu mimi, huu ndio ushahidi mzito kuliko yote katika mjadala huu.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu inatoka Rwanda, na nisingekuwa mkweli kama ningeikwepa. Utawala wa Kibelgiji ulianza kutoa vitambulisho vyenye kutaja kabila katika miaka ya 1930. Kabila likafuata la baba, na baadaye, hata baada ya uhuru, walimu wakawa wanawasimamisha wanafunzi darasani kwa makundi ya Wahutu na Watutsi. Mwaka 1994 vitambulisho hivyohivyo vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani auawe. Je, hiyo nayo si shule iliyofundisha utambulisho? Ndiyo, lakini tuangalie ilifundisha nini. Watoto wale walikuwa na lugha moja, Kinyarwanda, na desturi nyingi za pamoja. Walichofundishwa darasani kilikuwa mpaka mtupu. Mwanaanthropolojia wa Norwei, Fredrik Barth, alieleza mwaka 1969 kwamba makabila hudumishwa zaidi na mipaka inayolindwa kati yao kuliko na tofauti za desturi, na kwamba watu huvuka mipaka hiyo mara nyingi kuliko tunavyodhani. Serikali inapoandika mpaka katika kadi na kuufundisha kama ukuta usiovukika, inaondoa uwezekano huo wa kuvuka, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kwa sababu hiyo siungi mkono shule inayompangia mtoto kundi lake. Sensa ya Uingereza na Wales ilianza kuuliza swali la asili mwaka 1991, na ilipofika mwaka 2001 ikalazimika kuongeza nafasi ya watu wa asili mchanganyiko. Kufikia mwaka 2021 waliojitambulisha hivyo walikuwa takriban milioni 1.7. Vijana hawa wamelelewa na nyumba mbili, rika moja na skrini moja, na wanaposema wao ni hiki na kile kwa pamoja, wanaeleza malezi yao kwa usahihi. Wazee wanaowalaumu kwamba wamepotea wangetenda haki zaidi kama wangejiuliza ni nani aliyewalea.

Ufaransa, ambayo hairuhusu sensa yake kuuliza kabila au rangi ya mtu, hutajwa kama mfano wa dola isiyoegemea upande wowote. Nauheshimu usawa unaokusudiwa, ila shule inayofundisha lugha moja na historia moja imekwisha kuchagua upande, hata kama fomu zake ziko kimya.

Ninachopendekeza ni kwamba shule ya umma itoe lugha na historia za jamii zilizo katika eneo lake, iziweke wazi kwa kila mtoto anayezitaka bila kujali amezaliwa na nani, na isimwandikie yeyote kabila. Wale wanaoshikilia kwamba hili ni jukumu la nyumbani, nawaomba wanijibu jambo moja: mtoto ambaye wazazi wake walinyang'anywa lugha na shule hiyohiyo ya umma, airithi kutoka kwa nani?