Maswali ya kuchagua yanamtengeneza muuguzi au yanamkaririsha?

KijanaWaMbweni: Asalaam alaykum. Wenzangu tunaojiandaa na mtihani wa uuguzi tunashinda na maswali kwenye simu. Mfano: mama kajifungua saa moja iliyopita, pedi imerowa chapa, kizazi kimelegea. Uanze na lipi: kumwita daktari, kupima presha, kukanda kizazi au kuweka dripu? Jibu ni kukanda. Mie naona haya yanafundisha maamuzi kuliko kukariri notsi. Marekani wenyewe mtihani wao wa leseni wameugeuza hivyo, nadhani 2022.

BiMkubwaWaZamu: Mwanangu, kizazi hakikandwi kwenye simu. Mnakuja wodini mnaijua herufi, mkono hamjui pa kuuweka.

WaForodhani: Mie ningemwita daktari kwanza. Muuguzi ni muuguzi.

MtuWete: Ati daktari kwanza! Nyie wa mjini madaktari mnapishana nao vichochoroni. Njoo huku saa nane usiku uite.

WaForodhani: Wapemba na malalamiko!

MtuWete: Kalalamika nani? Kizazi kikilegea mishipa haibanwi, damu inamwagika tu. Huyo daktari wako hajavaa viatu, mililita 500 zishapita, na hapo ndipo panapohesabiwa hatari. Mkono mmoja juu ya kinena kukizuia, wa pili juu unakanda, mdomo unaita wenzio. Kuita kupo, lakini mikono haingoji.

BiMkubwaWaZamu: Hapo umesema. Na kibofu je? Kikijaa, ukande mpaka alfajiri hakikazi. Hilo kwenye machaguo yenu limo?

KijanaWaMbweni: Halimo, bi mkubwa. Swali limeuliza cha kwanza tu.

BiMkubwaWaZamu: Mgonjwa hakuulizi cha kwanza tu.

Ummu_S: Marekani ni Aprili 2023, si 2022. Na kule si herufi moja basi: unapewa faili la mgonjwa, hali inabadilika, unaamua tena. Haya yenu ya kutumiana kwenye magrupu majibu hayana hata maelezo ya kwa nini.

WaForodhani: Marekani imeingiaje? Dada yangu hapa hapa mjini alikandwa na mwanafunzi mpaka akalia, hakuambiwa hata "stahamili, dada". Hiyo ndiyo huduma?

Ummu_S: Hapo una haki. Kumweleza kabla ni sehemu ya kazi.

MtuWete: Damu ilisita?

WaForodhani: Ilisita.

MtuWete: Daktari alishafika?

WaForodhani: Yakhe, nyie Wapemba mna maneno.